Umelala Wapi, Mtu wa Sahan?

Kikundi cha akina mama wa maziwa ya ngamia pale Soko Mugdi, Garissa, kina wanachama ishirini na wawili na midomo ishirini na miwili. Kuwafanya wakubaliane jambo moja kwa siku moja ni kazi ya kumfundisha mbuzi kuogelea. Rangi ya kibao chao waliibishania wiki mbili nzima, na mpaka leo kibao hakijapakwa rangi. Ndiyo maana Jumamosi ile, walipokubaliana kabla chai haijapoa, Weris aliingiwa na wasiwasi. Na alikuwa na haki, maana walichokubaliana ni kumtwika yeye mzigo.

Weris ndiye katibu wa kikundi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, na simu yenye kioo kilichopasuka pembe zote nne. Ukatibu aliupata kwa sababu mwenyekiti, Mama Nurto, ni habaryar wake, yaani mdogo wa mamake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Aliupata pia kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeweza kusoma mkataba wa kurasa kumi na nne bila kusinzia.

Mkataba wenyewe uliletwa na kijana mtanashati aitwaye Mustafe, wakala wa kampuni moja ya Nairobi iliyojiita Hilali Nyika. Maneno yake yalikuwa matamu. Kampuni ingewawekea akina mama tangi la kupozea maziwa pale pale sokoni, gari lingekuja kila asubuhi kuyachukua, bei ingekuwa ya kuchekesha meno ya nyuma, na habari za jerikani kuchacha ndani ya buti la basi zingebaki kuwa hadithi za kuwasimulia wajukuu. Sharti lilikuwa moja tu: kwa miaka mitatu, kikundi kisimuuzie mtu mwingine hata kikombe kimoja.

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Kwa miaka kumi na mmoja maziwa ya kikundi yalikuwa yakipanda basi la alfajiri hadi Eastleigh, kwa mama mmoja aitwaye Bishara. Bishara hakuwa na tangi wala mkataba, alikuwa na neno lake tu. Mwaka ule wa ukame, ngamia walipokauka, alikaa miezi mitano akiwaambia wateja wake wavumilie, hakumpa mtu mwingine nafasi ya Nurto. Na wanaoitaka nafasi hiyo wamejaa tele, wanaimezea mate kila siku. Ukimwacha Bishara leo, kesho ukirudi utakuta mwenzio ameshatandika mkeka. Kwa hiyo kama Hilali Nyika ilikuwa kampuni ya kweli, nyumba ishirini na mbili zingepumua. Kama haikuwa ya kweli, nyumba ishirini na mbili zingebaki na maziwa ya kunywa na kuoga.

Basi Nurto akasema mtu aende sahan, na macho yote yakamgeukia Weris.

Sahan kwa wafugaji si mchezo. Kabla watu hawajahamisha ngamia, watoto na miti ya nyumba zao, humtuma mmoja atangulie kuangalia malisho na maji. Anakwenda kwa miguu yake, anaona, anarudi, anasema. Akisema kuna majani, nyumba zinabomolewa na ngamia wanapakiwa asubuhi hiyo hiyo. Akikosea, watu wanakwisha njiani. Babake Nurto alikuwa mtu wa sahan mpaka alipoishiwa meno, na Nurto hakuchoka kusimulia kwamba mzee aliporudi hakuna aliyemuuliza kama kuna majani. Swali la kwanza lilikuwa: umelala wapi? Ukilala mahali, umepaona. Ambaye hakulala hapo ameletewa habari tu, na habari hata upepo huleta.

Weris alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko siku za Ramadhani. Akaitikia haye, haye, kama tunavyoitikia sote tunapoambiwa tutafune polepole, akaukunja mkataba na kuutia kwenye mkoba. Mustafe alikuwa amewapa mpaka Alhamisi. Siku tano, akasema Weris, zinatosha na kubaki.

Jioni ile ile aliingia kwenye tovuti ya kampuni. Akakuta matangi yanayong'aa, watu waliovaa makoti meupe, na ngamia anayetabasamu, ingawa ngamia hutabasamu hata anapojiandaa kukuuma. Kampuni ilijieleza kuwa na zaidi ya miaka kumi katika huduma. Chini kulikuwa na shukrani za wateja, mmojawao akiitwa Mama F. wa kaunti ya Wajir, kana kwamba Wajir nzima ina Mama F. mmoja. Weris akafungua ukurasa wa Facebook, akakuta maneno yale yale. Akafungua makala moja ya habari za biashara, nayo ilikuwa na maneno yale yale, hata mkato uliokaa vibaya kule ulikuwa umekaa vibaya hapo pia. Msichana hakuwa mjinga. Aliona wazi kwamba kila anayeisifu Hilali Nyika ni Hilali Nyika mwenyewe, na mtu akijisifu mara tano hajapata mashahidi watano.

Njia nyingine alikuwa anaijua, aliifundishwa chuoni. Unaingia kwa msajili wa kampuni kwenye tovuti ya serikali, unalipa ada, unasubiri, unaletewa waraka wenye majina ya wenye kampuni, tarehe ilipoandikishwa na anwani yake. Weris aliufungua ukurasa huo. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukazunguka tena. Akasema nitarudi kesho. Hakurudi. Hapo ndipo alipoteleza, na tusimcheke sana, maana nani kati yetu asiyependa kuuliza jamaa kabla ya kuuliza serikali?

Jumapili asubuhi alimtumia ujumbe wa sauti binamu yake Ilwad, kule Ijara. Ilwad anauza dawa za mifugo, na hakuna ngamia anayekohoa kati ya Ijara na mpaka wa Mandera asipate habari. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, na ni muhimu tuusikie kama ulivyokuwa:

"Ilwad, sisi akina mama wa Soko Mugdi tunataka kuanza kuuzia Hilali Nyika maziwa. Unawajua? Hebu niulizie."

Ilwad akajibu kwamba hawajui, lakini ataulizia. Weris akaridhika. Ikapita Jumapili, ikapita Jumatatu. Jumanne, kwa kuwa hakutaka kumtegemea mtu mmoja, akaamua kupiga simu mwenyewe mahali pawili tofauti, na alijiona mtafiti kwelikweli. Kwanza alimpigia Maryan wa Wajir, mama wa maziwa aliyekutana naye kwenye semina fulani. Maryan alikuwa na haraka, salio lilikuwa linamwishia na ngamia wake alikuwa kisimani, lakini alisema Hilali Nyika ni watu wazuri, kuna akina mama wameshaanza kuwauzia na hawalalamiki. Kisha akampigia Kadar wa Kutulo, mbali huko Mandera, muuza jerikani. Kadar hakuwa na haraka hata kidogo. Alisema akina mama hao wamejengewa tangi kubwa, gari jeupe linakuja kila asubuhi, na kila mmoja amepewa koti jeupe kama daktari. Saa moja baadaye Ilwad naye akapiga kutoka Ijara, sauti imejaa furaha: habari zimefika, kampuni ni safi, amezipata kutoka Wajir.

Ijara, Wajir, Kutulo. Kusini, katikati, kaskazini. Weris hakuuliza akina mama hao ni wa wapi, kwani aliyeletewa asali haulizi nyuki wanakaa mti gani. Mambo ya msajili yakamtoka kichwani kabisa.

Alipotoa taarifa kikundini, kwenye kibanda chao cha sokoni hapakukalika. Mmoja alipiga kigelegele, mwingine akauliza kama makoti hayo yanapatikana kwa saizi yake. Mama Amran, ambaye kwa kawaida hupinga hata jua kuchomoza, alisema lisemwalo lipo, kama halipo linakuja, na mambo yakaisha. Watasaini Alhamisi, na baada ya kusaini Nurto atampigia Bishara kumuaga. Nurto alisema hilo la mwisho akiangalia chini, akachezea pindo la mtandio wake. Kisha akamwomba Weris jambo dogo. Wale akina mama waliotangulia ni wa wapi? Alitaka kuwasalimu, awaulize kama tangi linapiga kelele, maana kelele za mashine humuumiza kichwa.

Jumatano baada ya sala ya alasiri Weris akampigia tena Kadar. Baada ya salamu za nyumba, za mifugo na za mvua, akamuuliza kile kikundi chenye makoti meupe kiko wapi.

"Si huko huko kwenu," Kadar akasema. "Garissa, Soko Mugdi. Cha Mama Nurto. Nasikia hata katibu wao ni binti aliyesoma, ndiye aliyeichunguza hiyo kampuni mpaka akaridhika."

Weris alikaa juu ya jerikani tupu. Akauliza kwa sauti ndogo Kadar amesikia kwa nani. Kwa Maryan wa Wajir. Akampigia Maryan: umesikia kwa nani? Kwa Ilwad wa Ijara. Alikuwa tayari anajua jibu la Ilwad, lakini alimpigia, kama mtu anayejua jino limeoza na bado analigusa kwa ulimi.

"Wewe si ndiye uliyeniambia?" akasema Ilwad kwa mshangao. "Ujumbe wako nimeuhifadhi mpaka leo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Garissa walisema wanataka kuuza. Ijara ikaambia Wajir kwamba Garissa wanauza. Wajir ikaambia Kutulo kwamba wanauza na wameridhika, kwani nani atauza bila kuridhika? Kutulo, ambako hakuna mengi ya kufanya mchana, ikajenga tangi na kushona makoti. Kisha habari ikageuka, ikarudi nyumbani kwa mwenyewe imenenepa, na mwenyewe hakuitambua. Hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kila mmoja aliongeza kijiko kimoja cha sukari.

Weris alirudi mbio kwenye ukurasa wa msajili, akalipa ada, na mtandao safari hii ukakubali. Jibu likasema ombi lake linashughulikiwa. Akauangalia ule ukurasa jioni nzima, nao ukaendelea kushughulikia. Nurto alipomuuliza kuhusu wale akina mama, alisema ataambiwa kesho. Aliogopa, ndio ukweli wenyewe. Aliona aibu mbele ya mwanamke aliyemlipia karo kwa maziwa, jerikani moja baada ya nyingine, ili siku moja awe mtu wa kusoma karatasi. Akaomba Mungu waraka ufike kabla ya saini, aseme msajili amekataa, asilazimike kusema jambo lingine lolote.

Alhamisi ikafika, waraka haukufika. Akina mama walikuja wamevaa mitandio mipya, wengine wamepaka hina mikononi. Mustafe alikuja na kalamu mbili, kama moja itagoma. Mkataba ukatandazwa juu ya meza ambapo kwa kawaida hukaa birika. Nurto akashika kalamu kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akashika simu, jina la Bishara likiwa tayari kwenye kioo, ili amalize machungu yote kwa pamoja.

Weris akasimama.

Alieleza yote. Alieleza ule ujumbe wa Jumapili, akautafuta kwenye simu na kuwasikilizisha, ndipo wakajisikilizia wenyewe ile "tunataka kuanza". Akaeleza Ijara, Wajir na Kutulo, nani alimwambia nani. Akasema mashahidi wake watatu ni shahidi mmoja, na huyo mmoja ni yeye mwenyewe, naye hajui lolote. Hakusema kampuni ni mbaya. Alisema hajui, na kwamba alilijua hilo tangu jana alasiri akanyamaza kwa aibu.

Kibanda kikawa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kijengwe.

"Umelala wapi, habaryar?" Nurto akamuuliza, kwa maana kwa Wasomali mama mdogo humwita mtoto wa dadake kwa jina lile lile analoitwa yeye.

"Hapa hapa," akasema Weris. "Sikwenda popote."

Nurto akaiweka kalamu mezani. Hakugomba, na Weris aliona afadhali angegomba. Akamgeukia Mustafe, akamuuliza swali lile lile kwa adabu ile ile: je, yeye amelala wapi? Ameyaona hayo matangi kwa macho yake?

Mustafe alianza kwa kusema kampuni ni kubwa, ina matawi. Akasema matangi ni ya kisasa. Akatazama macho ishirini na mawili mara mbili, yote makavu, na ile sauti yake ya asali ikamwishia. Akavuta kiti. Akasema yeye aliajiriwa kwa simu wiki tatu zilizopita, hajafika kiwandani, bosi wake hajawahi kumwona ana kwa ana, na mshahara bado ni ahadi. Tena Jumapili alikuwa ameamua kuacha kazi.

"Kwa nini hukuacha?" Nurto akauliza.

"Jumanne shangazi yangu wa Wajir aliniambia kuna akina mama wa Garissa wanauzia kampuni na wanafurahi," akasema Mustafe. "Nikadhani ni kikundi kingine kilichonitangulia. Nikasema basi kumbe ni ya kweli."

Mama Amran ndiye aliyeanza kucheka. Alianza kwa kukohoa, akajaribu kujizuia kwa pindo la mtandio, kisha kikamtoka kicheko kilichowasimamisha wauza nguo wa upande wa pili. Wote wakafuata. Walicheka mpaka birika likatikisika, walicheka mpaka mmoja akashika mbavu akaomba maji, na Mustafe mwenyewe akacheka kwa shida, kama aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe. Weris hakujua kama acheke au alie, akafanya vyote viwili. Akili za kuambiwa changanya na zako, Mama Amran akasema akijifuta macho, sasa sisi tumechanganya za kuambiwa na za kuambiwa.

Nurto peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika simu yenye jina la Bishara. Akabonyeza. Akamsalimia, akamuuliza habari za nyumba na za watoto, kisha akasema Jumamosi anakuja Nairobi na msichana wake na kijana mmoja, wana jambo la kuangalia, je kuna godoro? Bishara akasema godoro lipo.

Jumamosi alfajiri Nurto, Weris na Mustafe wakapanda basi lile lile linalobeba maziwa, linaloendeshwa na Sora, Mborana mpole ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kumwaga jerikani hata moja. Nurto alikaa mbele na kumweleza safari yao ni ya nini. Sora akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba kwao pia, ngamia hahamishwi kwa kusikia. Walipofika Mwingi na mtandao ukashika, simu ya Weris ikalia. Waraka wa msajili ulikuwa umefika. Hilali Nyika ilikuwepo kweli, na ilikuwa na wakurugenzi wawili. Ile miaka kumi ya huduma, hata hivyo, ilikuwa imeanza miezi minne iliyopita. Na kulikuwa na anwani, namba ya kiwanja huko Athi River, eneo la viwanda.

Bishara aliwapokea stendi, mwanamke mrefu mwenye hatua ndefu, akakataa kabisa wasiende peke yao katika mji wasiomjua mtu. Mchana ule wakafika wote wanne kwenye lango la buluu lenye namba ile ile. Hapakuwa na kibao. Mlinzi mmoja mzee alitoka, na walipouliza kiwanda cha maziwa alifikiri kwanza wamepotea, kisha akafikiri wanatania. Kwa ukarimu wake akawafungulia waone. Ndani mlikuwa na mahema ya harusi yamekunjwa, masufuria ya kukodisha, na viti vyeupe vya plastiki vimepangwa mpaka kwenye dari. Weupe pekee uliokuwa mle ulikuwa wa viti. Mlinzi alisema tajiri wake anakodisha vyombo vya sherehe, na kwamba barua za kampuni nyingi huja hapo, yeye huziweka tu kwenye sanduku. Za Hilali Nyika zilikuwa mbili, hazijafunguliwa.

Kwa vile wageni ni wageni, mlinzi aliwateremshia viti vinne akawapikia chai. Ilikuwa chai ya rangi. Aliomba radhi, akasema maziwa huwa hayapatikani upande huo. Nurto alikunywa kikombe chote, akamshukuru, akamwombea baraka. Mustafe alipiga simu kwa bosi wake akiwa amekaa juu ya kiti cha harusi ya watu. Simu iliita mpaka ikakata.

Alasiri walikuwa wamerudi Eastleigh, kwenye kibanda cha Bishara, kati ya majerikani yao wenyewe yaliyofika na basi la asubuhi. Yananukia moshi, kwa sababu akina mama wa Soko Mugdi huyafukiza kwa kuni za mgunga kabla ya kutia maziwa, na mteja wa Bishara aliyezoea harufu hiyo hatanunua mengine. Nurto hakuweza kuendelea kukaa na neno kifuani. Alimwambia Bishara ukweli wote. Alimwambia kwamba Alhamisi alikuwa na jina lake kwenye kioo cha simu ili amuage, na kwamba kilichomzuia ni msichana huyu kukubali kuaibika.

Bishara alikuwa akimimina maziwa kwenye chupa ya mteja. Alimaliza kumimina, akafunga kifuniko, akapangusa chupa.

"Nilijua," akasema. "Jumatano mtu wa Wajir alinipigia, akaniambia mmeshaniacha, mna tangi na makoti meupe. Na saa hiyo hiyo kuna watu wawili hapa walitaka nafasi yenu."

Nurto akauliza kwa nini hakuwapa.

"Nilikuwa nimesikia tu," akasema Bishara. "Maziwa yenu yaliendelea kuja. Hayo nilikuwa nayaona."

Nurto akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka waziwazi, mbele ya wateja na kila mtu. Weris alitazama pembeni. Alikuwa amesoma miaka miwili chuoni jinsi ya kupima habari, na huyu mama ambaye hakuwahi kusoma hata alfabeti alikuwa ameipima kwa jerikani. Alijisikia mdogo, lakini ulikuwa udogo wa kumfanya mtu alale vizuri. Siku ile wakalala kwa Bishara wote, Mustafe akiwa kwenye maturubai ya dukani, na kesho yake Bishara akampa kazi ya kupokea jerikani stendi, kwa kuwa, alisema, mdomo kama ule ni hasara kuuacha bila bidhaa ya kweli.

Wiki moja baadaye Weris alikuwa kibandani Soko Mugdi, anafukiza jerikani, simu ikaita. Alikuwa Kadar wa Kutulo, amechangamka kuliko siku zote. Alikuwa amesikia makubwa. Mwenye Hilali Nyika ni jambazi, amekimbilia Dubai na magunia ya pesa, polisi wanamtafuta kote, na aliyemfichua ni katibu wa Soko Mugdi. Je, ni kweli? Maana Wajir na Ijara wote wanasema hivyo.

Weris akamtazama habaryar wake, aliyekuwa ameketi karibu na kusikia kila neno. Ilikuwa habari tamu, na safari hii ilimpamba yeye. Angenyamaza tu, ingefika Mandera na kurudi amekuwa shujaa.

"Kadar, sikiliza, na ukisimulia simulia hivi hivi," akasema. "Niliona waraka wa miezi minne. Niliona lango la buluu, viti vya plastiki na barua mbili. Tangi sikuliona. Bosi hakushika simu. Mambo ya Dubai na polisi siyajui."

Kadar aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyepokonywa sahani, kama hakuna hata gunia moja la pesa.

Weris akasema hajaliona. Nurto akampa jerikani nyingine, naye akageuza kinga la moto la mgunga ili moshi uingie vizuri.